Sumaku ya Mlango wa Friji

Mwanangu Keto anataka gari,
nami nimekuja na sumaku,
ile ya mlango wa friji, yenye umbo la samaki.
Nimeifunga kwenye leso, nikaitia mfukoni
kama mtu aendaye kwa hakimu na ushahidi wake.

Soko la Rustavi, Februari, upepo unachuna masikio.
Magari safu kwa safu, kila moja limeoga,
tairi zimepakwa mafuta zikang'aa
kama viatu vya bwana harusi.
Avto, muuzaji, ananiita mama kabla hajaniuliza jina.
"Lilikuwa la mwalimu. Shule na nyumbani, basi."
Kila gari hapa lilikuwa la mwalimu.
Huyu alikuwa na mguu mzito:
kanyagio la breki limelika, limekuwa laini
kama kipande cha sabuni cha mwisho wa mwezi,
na mita inasoma kilomita elfu sitini.

Nagusa boneti. Ina joto.
"Umeliwasha kabla hatujafika?"
"Baridi, mama. Nililihurumia."
Gari lenye siri huamshwa mapema.
Basi tungoje. Tunanunua mkate wa jibini kibandani,
tunakula kwa kusimama, saa nzima na ushei,
hadi chuma kipoe.

Nafungua kifuniko cha oili, natafuta ule utando
mweupe kama maziwa yaliyoganda,
unaosema maji na oili wamekutana wasipopaswa.
Haupo.
Keto anawasha. Kikohozi kimoja, moshi
wa buluu kidogo, kisha mweupe, kisha hakuna.
Huo wa buluu nitausamehe, kwa bei.
Nauvuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake,
maana gari lililozama huoshwa kila mahali
isipokuwa kile kipande cha mkanda kinacholala ndani.
Safi. Hakuna mstari wa tope.

Ndipo nikamtoa samaki wangu.
Mlango wa mbele: tak, akashika.
Paa: tak.
Madigadi ya nyuma, kushoto, juu ya tairi:
akateleza, akaanguka kwenye changarawe.
Nikamwokota, nikamrudisha. Akaanguka.
Avto akakumbuka kuitazama simu yake.

Nikapiga magoti. Nikapitisha kidole chini ya ukingo,
gizani, pasipofikiwa na msasa,
nikaikuta: alama ya dole gumba
iliyobonyezwa kwenye puti kabla haijakauka,
upande wa ndani, ambako mteja haangalii.

Jumberi.

Miaka ishirini na miwili, gerejini nyuma ya nyumba yetu,
aliwafichia watu kutu,
na kila kazi aliimaliza hivyo, dole moja, gizani.
"Hata mwongo ana sahihi yake," aliniambia,
akaja mezani na vumbi jeupe kwenye nyusi,
nami nikaula mkate wa kazi ile
wala sikuuliza umeokwa kwa nini.
Kaburini ana miaka minne sasa.
Nikatia dole langu ndani ya dole lake.
Likaingia, nafasi ikabaki.

"Mama, umeumia?"
"Hapana. Kuna kutu hapa, pana kama kiganja.
Puti ina unene wa kidole, na ilipakwa siku ya mvua,
ndiyo maana rangi imevimba pembeni."
"Wewe umejuaje?" akauliza Avto.
Siku ile nilimshikia mwavuli.
"Nimejua tu," nikasema.

Alitaka lari elfu tisa. Nikataja sita na nusu.
Akaapa kwa mama yake,
kisha kwa mtakatifu aliyebandikwa kwenye dashibodi,
kisha akatema mate kando, akanyoosha mkono.

Njiani Keto akasema tutafute fundi,
aibandue puti yote, achomelee bati jipya.
Nikasema ndiyo, kutu haisubiri mtu.
Tukapita daraja la mto, hita ikaanza kutoa joto,
na samaki kwenye leso amelala mapajani mwangu.
Nikasema: lakini si wiki hii.